Neno la Zamani na Mdomo wa Mama Yangu

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumapili niliyomfunga mama yangu mdomo mbele ya kanisa zima. Sikumfunga kwa kitambaa. Nilimfunga kwa Kiingereza, tena Kiingereza nisichokijua, na watu wakacheka, na mimi nikajiona hodari.

Najua unachotaka kusema. Unataka kusema kwamba mimi nina miaka kumi na sita, nipo darasa la nane, kitanda changu kiko hapo hapo karibu na chako, na mtu wa namna hiyo hawezi kumwita mwenzake mwanangu. Basi nenda kashitaki. Wewe umeingia darasa la tano juzi tu, bado unageukia ukutani usiku ili tusione unavyowalilia wa kwenu. Katika bweni hili hakuna mkubwa kunizidi. Wazee wenye mvi wamelala majumbani mwao. Kwa hiyo hapa mzee ni mimi, na ujana wangu ulikuwa mwaka jana. Kaa vizuri unisikilize, maana zamu yako inakuja.

Hapa misheni tuna desturi yetu. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili huja Mchungaji Mwingereza kutoka Dar es Salaam. Hupanda kilima cha Kisarawe kwa gari lake linalokohoa, na Jumapili huhubiri kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo" na "lete maji ya moto". Kando yake husimama mvulana wa madarasa ya juu ambaye ndiye mkalimani. Mchungaji husema sentensi moja, akanyamaza. Mkalimani huigeuza kwa Kiswahili, akanyamaza. Huenda hivyo mpaka watoto wamelala na wazee wameamka.

Kazi hiyo ina sheria moja, nayo utaambiwa kabla hujaambiwa lolote: mkalimani hana mdomo. Ule unaouona ni wa Mchungaji, yeye ameazimwa tu. Hasimami katikati akauliza. Hasemi, "Hapo sikuelewa." Hajisahihishi. Neno likishamtoka, limetoka kwa Mchungaji, na watu huenda nalo nyumbani.

Aliyetufundisha sheria hiyo ni Mzee Zefania, mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya shule. Ni Mnyamwezi. Alikuja pwani kijana na kazi ya reli, akafanya kazi Soga mpaka mgongo ukachoka, akaoa huku, akabatizwa, akabaki. Sitamsingizia: ni mtu mnyoofu, hajawahi kung'oa hata muhogo wa mtu. Ila akilisikia neno kanisani hulipigilia msumari, na hakuna koleo la kuling'oa.

Sasa mama yangu. Mama Loti wa Vihingo, Mzaramo wa kuzaliwa, hajui kusoma wala kuandika, lakini mafundisho yote ya ubatizo anayo kichwani, swali na jibu, mwanzo mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha akina mama wa Vihingo waliotaka kubatizwa. Akiwafundisha barazani kwetu, wapita njia nao hubatizika kidogo. Akiwaita kuku wake, wa jirani nao huja. Mtu anayependa kusema kama mama yangu sijamwona, wala sitaki kumwona, mmoja anatosha.

Basi Jumapili ile niliteuliwa mimi kuwa mkalimani. Nilivaa shati la kuazima. Mchungaji akafungua kitabu chake cha ibada, kile cha jalada jeusi kilichoandikwa wakati mababu wa babu yake walipokuwa watoto, akasoma habari za mwanamke aaminiye. Akafika mahali akasema mwanamke huyo atajulikana kwa "conversation" yake ya utulivu.

Hilo neno nilikuwa nalijua! Mwalimu Elieza, mwalimu wetu wa Kiingereza, alikuwa ametufundisha: "conversation" ni mazungumzo. Hata kamusi ya shule inasema hivyo. Moyo ukanituna. Nikamtazama mama upande wa wanawake, amekaa mbele, mabega mapana, na shetani wa mzaha akanipanda. Nikasema kwa sauti ya Mchungaji kabisa:

"Mwanamke aaminiye atajulikana kwa mazungumzo ya utulivu. Maneno machache. Sauti ya chini. Hata akiita kuku."

Kanisa likacheka. Mchungaji naye akatabasamu, akidhani mahubiri yake yamewaingia.

Mzee Zefania hakucheka. Alikuwa anapigilia.

Ibada ilipokwisha alimwita mama pale mlangoni, mbele ya watu. "Mama Loti, neno umelisikia."

"Nimelisikia, Mzee."

"Basi darasa la wanawake uliache. Mtu wa maneno mengi hawezi kufundisha. Tutatafuta mwingine aliye mtulivu."

Nilitegemea vita. Nilikwisha kuchagua mti wa kusimama nyuma yake nikitazama. Lakini mama hakumjibu Mzee Zefania. Aligeuka akaniangalia mimi.

"Loti. Kitabu kimesema hivyo kweli? Wewe umekisoma?"

Hapo, mwanangu, nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema, "Kuku nimewatia mimi." Lakini wenzangu walikuwa wanatazama, na bado nilikuwa naonja utamu wa kile kicheko. Nikasema, "Ndiyo, mama. Kimesema."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Na tangu saa ile mama yangu akanyamaza.

Usidhani alinuna, ningekuwa na nafuu. Alinyamaza kwa sababu aliniamini. Nilipokwenda nyumbani Jumamosi iliyofuata nikamkuta anatwanga bila wimbo. Nikasema shikamoo, akajibu marahaba kwa sauti ya mtu aliye karibu na mgonjwa. Majirani walipiga hodi, akawakaribisha kwa mkono. Wale akina mama wa darasa walikuja wakakaa barazani wakimsubiri, na yeye akawaletea maji ya kunywa, akakaa nao, hakusema kitu. Mmoja wao akaniambia, "Loti, mama yako amerogwa?" Nikasema sijui. Nilijua sana. Mchawi ndiye mimi niliyekaa hapo, na shati langu la kuazima.

Na jambo halikuwa la nyumbani tu. Kanisani kwetu, siku ya kupimwa kwa wanaotaka ubatizo, mwalimu wao ndiye husimama akawauliza maswali, nao humjibu yeye, Mchungaji akisikiliza kwa msaada wa mkalimani. Mwalimu asiyeruhusiwa kusema hawezi kuuliza. Akina mama walikuwa wamesema wazi kwamba bila Mama Loti hawamjibu mtu. Na Mchungaji alikuwa anarudi mwisho wa mwezi. Wasipopimwa siku hiyo, wangerudishwa nyuma mwaka mzima, na lawama yote ingekaa kichwani kwa mama.

Nikarudi shuleni. Nikamweleza rafiki yangu Shabani. Shabani ni Mwislamu wa Soga, anasoma hapa na sisi, na Ijumaa hushuka kwenda kuswali. Nilifikiri atanihurumia. Akanicheka.

"Yaani kitabu cha dini, cha zamani kiasi hicho, wewe umekitafsiri kwa Kiingereza cha dukani?"

"Kiingereza ni Kiingereza."

"We mjinga kweli. Mimi chuoni kwa Maalimu nikisema neno hili la Kiarabu nalijua, Mmanga, yule Mwarabu wa dukani, hulisema kila siku, napata fimbo. Maalimu anasema, la dukani liache dukani. Humu kitabuni kaliangalie linafanya kazi gani."

Kaliangalie linafanya kazi gani. Maneno hayo yalinikera kwa sababu hayakutoka kwangu. Lakini jioni ile niliazima kwa mtunza kanisa nakala ya kile kitabu cheusi inayobaki kanisani, kwa kisingizio kwamba nafanya mazoezi, nikaanza kulisaka lile neno kama mtu anayetafuta mbuzi wake kwenye mazizi ya watu.

Nililikuta mara kadhaa. Mahali pamoja linakaa na watu wanaosafiri. Mahali pengine linakaa na mtu aliyeacha maisha yake ya zamani. Bado nikasema labda walikuwa wasemaji tu, kama mama. Kisha nikafika mahali panaposema mume asiyeamini atavutwa pasipo neno lolote, akiitazama "conversation" ya mkewe.

Nikasoma tena. Pasipo neno. Akiitazama.

Mwanangu, mazungumzo gani hayo ambayo hayana neno hata moja, na mtu anayatazama kwa macho? Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Neno hili halikuwa la mdomo. Lilikuwa la miguu, la mikono, la namna mtu anavyokaa na wenzake kutwa nzima. Waingereza wa leo wamelipunguza wakalipeleka mdomoni, lakini kitabu hakina habari na Waingereza wa leo.

Nikamkimbilia Mwalimu Elieza. Akasema, "Conversation ni mazungumzo, nimeshafundisha. Unataka kunifundisha mimi?" Nikaenda kwa Mzee Zefania, nikamkuta anakarabati banda lake. Nikamweleza yote, hata habari ya kuku. Akaniacha nimalize, kisha akasema bila kugeuka:

"Mkalimani hana mdomo. Ulichosema kilisemwa na Mchungaji. Ukisimama kanisani ukasema lako, utakuwa umemfanya Mchungaji mwongo mbele ya watu. Kamati itakutoa shule. Sikutishi, nakujulisha."

Nikamwambia asante kwa kunijulisha. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yakapata moto. Maana ukiangalia, mtu pekee aliyekuwa ametenda sawasawa na lile neno la zamani alikuwa mama: kutwa anahangaika na watu, hamdhulumu mtu, hamchoki mtu. Na ndiye aliyenyamazishwa nalo.

Mwisho wa mwezi Mchungaji akaja. Mkalimani nikawa mimi tena, kwa sababu darasa zima lilikuwa linaumwa matumbo ghafla. Nao pia walijua kuna jambo. Ibada ikaenda. Akina mama wa Vihingo walikaa benchi la mbele na vitambaa vyeupe vichwani, wamefunga midomo kama wamekubaliana. Mama alikaa nyuma yao, anatazama mikono yake.

Mzee Zefania akasimama. Akanigeukia.

"Mwambie Mchungaji kwamba wanawake wa Vihingo hawako tayari. Watangoja mwaka mwingine."

Mchungaji akanitazama akisubiri Kiingereza chake. Mimi nikamkazia macho Mzee Zefania.

"Mkalimani, sema."

"Mtani wangu," nikasema, kwa sauti ya kumfikia hata aliyekaa nje dirishani, "hilo sisemi."

Kama wewe unatoka mbali, elewa. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda bara. Mtani atakuja msibani kwako akusengenye mbele ya jeneza. Atakamata kuku wako ale. Atasema lile ambalo ndugu yako hathubutu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa, na kijiji kizima kitakucheka mpaka uzeeke. Mzee Zefania alilijua hilo kuliko mimi. Kila alipofiwa jirani yetu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kutusimanga.

"Unamwita nani mtani, hapa madhabahuni?"

"Wewe. Ulitoka kwenu na mzigo kichwani, ukautua Soga. Sasa umeona kichwa kitupu, umetafuta mzigo mwingine, tena umempa mama yangu abebe. Utue na huu, mtani."

Huko nyuma mtu mmoja alicheka kupitia puani. Kisha mwingine.

"Wewe mla nazi!" Mzee Zefania akasema, na hapo hapo akajishika, kwa sababu kwa kunitukana ameshaingia kwenye utani. "Utani ubaki nje! Mkalimani hana mdomo!"

"Mkalimani hana," nikasema. "Mtani anao."

Sasa kanisa likapasuka. Mchungaji akaniinamia akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini, nimesema nini cha kuchekesha hivyo. Nilifikiri juu ya sanduku langu, nikaona jinsi litakavyokaa kichwani njia nzima mpaka Vihingo. Lakini nilikuwa nimeshaingia mtoni na nguo. Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, polepole: lile neno la kitabu chako, bwana, "conversation" ya yule mwanamke, ni la mdomo au ni la maisha?

Akashangaa. Akajibu kama mtu aliyeulizwa kama jua lina mwanga. Akasema ni la maisha, bila shaka. Akasema zamani neno hilo lilikuwa na maana ya mwenendo wote wa mtu, anavyoishi na watu wa nyumbani na majirani, na kwamba yeye mwenyewe alipokuwa mtoto lilimchanganya.

Nikaligeuza kwa Kiswahili, neno kwa neno, sikutia hata chumvi. Nilipofika kwenye "lilimchanganya" nikalirudia mara ya pili, kwa faida ya Mwalimu Elieza.

Kisha nikamgeukia mama. Sheria ilikuwa imeshavunjika, kipande kimoja zaidi kingemuumiza nani?

"Mama, kitabu hakikusema unyamaze. Mchungaji hakusema unyamaze. Nilisema mimi. Maneno machache, sauti ya chini, habari ya kuku, yote nilitia mimi ili watu wacheke."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Zefania akawageukia akina mama. Nilikwambia ni mtu mnyoofu. Akakohoa, akasema, "Kama ndivyo, mwalimu wao asimame awaulize."

Mama akasimama. Akajitengeneza kanga. Akauliza swali la kwanza, na popo waliokuwa darini wakahama. Akina mama wakajibu kwa pamoja, na la pili, na la tatu, Mchungaji akisikiliza huku ameshika sikio moja. Wote walifaulu. Wote walibatizwa.

Wewe unataka kujua kama nilifukuzwa. Macho huna? Nimekaa mbele yako. Mzee Zefania hakuweza kuniadhibu kwa maneno ya utani, angechekwa mpaka Soga. Aliniadhibu kwa kosa la kusimamisha ibada. Niliondolewa ukalimani, nikapewa jembe, nikachimba choo kipya cha darasa la tano peke yangu. Ndicho hicho unachokwenda kila asubuhi bila kunishukuru. Nilichimba nikiimba. Na siku ile ingerudi kesho, ningesimama pale pale niseme yale yale, isipokuwa ningeomba jembe lenye mpini mzuri zaidi.

Sasa nasaha yangu, na usiisikilize kwa sikio la usingizi, maana mkalimani mpya ni wewe ukifika madarasa ya juu.

Kile kitabu cheusi kina maneno yenye sura ya leo na moyo wa zamani. Utakutana na "prevent", ukimbilie kusema kuzuia, kumbe humo ni kutangulia. Utakutana na "let", ambalo sokoni ni kuruhusu, na humo mara nyingine ni kuzuia kabisa. "Meat" humo ni chakula chochote, hata mchicha wetu wa shule. "Quick" si mtu wa haraka, ni mtu aliye hai. "Charity" si kutupa senti kwenye sahani, ni upendo wenyewe. Usiyaamini kwa sababu umeyazoea. Yanayokupoteza si yale magumu, hayo utayauliza. Yanayokupoteza ni yale unayodhani unayajua. Neno likikaa vibaya kwenye sentensi, lifuate mahali pengine katika kitabu hicho hicho uone linafanya kazi gani. Hata likikaa vizuri, kama litamwangukia mtu kichwani, lifuate hivyo hivyo.

Na ukiwa hujui, simama useme hujui. Watakwambia mkalimani hana mdomo. Waambie mimi nimesema anao, nao waje waniulize. Usiogope mwenye cheo anayelinda kosa kwa sababu lilisemwa kanisani. Kosa halitakasiki kwa kusemwa karibu na mishumaa. Fanya mzaha upendavyo, mimi ndiye wa mwisho kukukataza, ila usitie mzaha wako kwenye kinywa cha kitabu halafu ukamwacha mtu asiyejua kusoma aubebe kama amri ya Mungu. Ukishamtwika, umtue wewe, mbele ya wale wale waliocheka. Mungu akupe macho ya kusoma na magoti ya kusimamia, hata kama yatatetemeka.

Haya yote nilimweleza mama siku ile ile, nje ya kanisa, kwa urefu kuliko nilivyokueleza wewe, nikipunga mikono kama Mchungaji. Alinisikiliza huku akifunga upya kitambaa cha kichwa. Nilipovuta pumzi niendelee, aliniwekea kiganja kichwani, akasema:

"Mungu akuweke, mwanangu, akupe umri mrefu na mke mwenye sauti. Sasa nyamaza wewe, mimi nina maneno ya mwezi mzima hapa."